Mwalimu wa Mume Wangu

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikuwahi kumuuliza, na waliojua hawakuniambia, maana kila alipotajwa mbele yangu watu waliona uso wangu ulivyobadilika wakahamia habari za mvua. Hapa mtaani kwetu Cimpunda tulimwita Maman Mwalimu, basi. Alikuwa amefundisha ufundi wa mitambo katika shule moja ya mjini mpaka akastaafu, na wavulana aliowafundisha leo ni wababa wenye vitambi wanaovua kofia wakikutana naye njiani. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya yetu, kwenye njia ile ya mteremko ambayo mvua ikinyesha unashuka umekaa. Mume wangu aliipanda njia hiyo kwa furaha ambayo sikuiona akienda misa.

Niseme mapema ili msomaji asihangaike: nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu miaka mingi, nikiwa na afya njema na akili timamu. Dada yangu, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu karibu na meza yangu ya vitenge, alinicheka mpaka akashika mbavu.

"We! Mwanamuke muzee vile, hata meno ya mbele haiko, njo unasikilia wivu? Papa Ushindi atamupeleka wapi?"

Papa Ushindi ni mume wangu, tunamwita hivyo kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Kweli, hakuwa na haja ya kumpeleka Maman Mwalimu popote. Alikuwa anamsikiliza tu, na hilo ndilo lililoniuma. Mwanamume akimtazama mwanamke mwingine utajua la kufanya: utavaa vizuri, utapiga kelele, utarudi kwenu siku mbili. Lakini akimsikiliza, utafanyaje?

Mume wangu ni dereva wa trekta ya kooperative moja ya wakulima upande wa Lwiro. Huondoka Jumatatu, hurudi Jumamosi. Trekta yenyewe ni kuukuu, na plau inayofungwa nyuma yake, ile tunayoiita charrue, ni kuukuu zaidi. Ugonjwa wake haukuisha: ilikataa kuingia udongoni. Inashushwa, trekta inaondoka, na badala ya kuchimba inateleza juu juu, inakwaruza majani kama kuku anayetafuta wadudu. Basi Jumamosi, kabla ya kufika kwangu, alipanda kwanza kwa Maman Mwalimu kuishitaki plau. Mimi nimepika, bugali inapoa chini ya sahani, naye huko juu amechuchumaa uani kwa watu, anachora udongo kwa kijiti.

Na sasa nitaje kinachonichoma hasa. Tulipokuwa bado wapya katika ndoa, nilimuuliza habari za hiyo trekta. Nilitaka tu kujua siku yake ilivyopita. Alinipigapiga begani akasema, "Acha, maman. Mambo ya chuma haiko ya bamama." Nilikubali. Nilidhani ndivyo wanaume wote walivyo na wala sikununa. Kumbe chuma kilikuwa cha bamama sana, ila si cha mama aliye nyumbani kwake.

Ukimwona Maman Mwalimu hungesema ni mtu wa vyuma. Alikuwa mwembamba, amefunga kitenge vizuri, na juu yake koti la buluu la karakana lililofuliwa mpaka likawa jeupe mabegani. Kucha zake zilikuwa na rangi nyekundu siku zote. Siku zote, hata Kwaresima! Paroko alimtania mara moja mbele ya kanisa, naye akamjibu kwamba amepaka ili aone vizuri vidole vyake viko wapi anapovitia kwenye mashine. Nilizichukia zile kucha. Niliwahi kupaka zangu rangi hiyo hiyo, nikamwekea mume wangu chakula mezani nikichelewesha mikono yangu mbele ya macho yake. Aliniuliza kama nimejikata.

Alifundisha bila kushika kitu. Mume wangu angeeleza, "Mwalimu, naona kama uzito haitoshi," naye angemkatiza, "Uliona, ao unawaza?" Kama aliona, aeleze alichoona: plau inateleza kuanzia wapi, inainua mkia au kichwa, udongo una unyevu gani. Kama anawaza tu, arudi wiki ijayo akiwa ameangalia. Na yeye, mwanamume ambaye nikimwomba aangalie bati linalovuja anasema ataangalia kesho, alirudi wiki iliyofuata ameangalia kila kitu. Alikuja na habari za udongo kama mtu aliyetoka safari ya Ulaya.

Neno hilo lilihamia nyumbani kwangu. Nikisema mtoto ana homa, ananiuliza, "Uliona, ao unawaza?" Nikisema jirani ametuibia bidon ya maji, vivyo hivyo. Siku moja nilimwambia niliona, kwa macho haya, kwamba bwana fulani wa mtaa huu ameoa wanawake wawili. Alifikiri ninamsengenya mtu wa jirani.

Tena kulikuwa na "Maman Mwalimu alisema." Maman Mwalimu alisema maharage yawekwe chumvi mwishoni. Maman Mwalimu alisema mtoto asome asubuhi, kichwa kikiwa baridi. Nilikuwa nimesema hayo ya mtoto mimi mwenyewe, miaka, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya kwetu, na hayakuingia popote.

Hata hivyo sitamwibia sifa zake, maana kisa cha kukalia plau kinajulikana mpaka Katana, na nikikificha watanicheka. Mwaka ule plau ilipogoma kabisa, komite ya kooperative ilikutana ikaamua kwamba kinachokosekana ni uzito. Waliifungia mawe, mawe yakaanguka. Ndipo mtu akashauri wakae watu. Watu gani? Wazito. Na kwetu mtu mzito mara nyingi ni mtu mkubwa, kwa hiyo wa kwanza kukalia plau alikuwa prezida wa kooperative, na pembeni yake katekista. Walikaa pale juu wameshikana mabega, wanapita mbele ya watu, wanapunga mkono. Plau ilikwaruza kidogo zaidi ya jana, watu wakapiga makofi. Kufikia wiki ya pili ilikuwa heshima kuikalia. Makamu wa prezida alinuna kwa sababu hajaitwa. Mke wa prezida alikuja amevaa vitenge viwili ili aongeze uzito. Waligombana nani akae upande wa mbele, wakaitisha kikao, shamba likabaki na majani yake.

Mume wangu alikwenda kumchukua Maman Mwalimu. Mwalimu alishuka garini, akatazama plau na wakubwa wake juu yake, na hakucheka. Prezida alimsimulia yote kwa sauti ya hotuba.

"Sawa," akasema. "Sasa mutoshe batu pale juu."

Kuondoa wale watu kulikuwa kazi kuliko kuondoa kutu. Katekista alisema wameizoea. Makamu wa prezida, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata nafasi, alitaka angalau amalize raundi yake. Maman Mwalimu alisubiri mikono nyuma mpaka wote wakashuka. Akamwambia mume wangu alime kipande kifupi, halafu akavua viatu, akaingia katika mtaro uliochimbwa, akautembea pekupeku polepole kama mtu anayetafuta sindano kwa nyayo. Ndivyo alivyofanya daima. Alisema mguu hauwezi kudanganywa na mwanga wa jua. Kisha akamwonyesha mume wangu ule mkono wa juu unaounga plau na trekta, wenye skrubu ndefu katikati, ambao mafundi wanauita troisième point. Ulikuwa umefunguliwa mno, plau imekalia makalio yake, pua iko juu. "Funga kidogo. Tena. Acha." Mkono ukawa mfupi, pua ikainama, trekta ikaondoka, na udongo mweusi ukapinduka.

Watu walishangilia. Mume wangu alinisimulia kisa hicho nikiwa ninaosha vyombo, akatumia mikono yangu yenye povu kuonyesha pua ya plau ilivyoinama. Ilikuwa mara ya kwanza kunieleza jambo la kazi yake. Ningefurahi, kama kisa kizima kisingekuwa na mwanamke mwingine ndani yake.

Nilitafuta kasoro zake kwa bidii, na nilizipata. Maman Mwalimu aliogopa trekta. Ndiyo! Mtu huyo aliyejua kila msumari wake hakuwahi kuipanda hata siku moja. Moteur ikiwaka alirudi nyuma na kuziba masikio kama msichana anayeona nyoka. Aliwahubiria wengine subira, lakini kwenye jiko lake la makaa aliipiga teke sufuria maharage yakichelewa kuiva. Sauti tuliisikia hadi kwetu. Alikuwa katika kwaya na hakujua kuimba. Alisifu kwa shida, na sifa yake kubwa ilikuwa "iko bien," yaani iko vizuri, ambayo mume wangu aliileta nyumbani siku moja kama mtu aliyeshinda ubunge. Nilizikusanya kasoro hizo zote nikampelekea dada yangu sokoni. Alizisikiliza akasema, "Miye nayona ni mutu muzuri," akaendelea kupanga sambaza zake.

Siku nyingine Maman Mwalimu alikuja kwenye meza yangu kununua kitenge. Aliigeuza nguo, akaitazama upande wa nyuma, akaisugua kwa kidole chenye rangi nyekundu, akaniuliza rangi imeingia mpaka ndani au imelala juu, na mimi ninajuaje kabla ya kufua. Yalikuwa maswali ya mtu anayetaka jibu. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo, na mume wangu ndiyo kabisa. Nilimjibu maneno mawili matatu, nikamgeukia mteja mwingine. Alishukuru, akaondoka na kitenge cha kijani ambacho, nikiri, kilimkaa vizuri kuliko mtu yeyote niliyemuuzia.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Tulijua kwa sababu rangi ya kucha ilianza kutoka nje ya kucha. Alipanda njia ya mteremko akigusa ukuta wa kila nyumba. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulilainika, lakini mume wangu alianza kumpelekea maji, na nikahesabu tu kwamba sasa anapanda huko hata siku ambazo plau ni nzima.

Msimu wa mvua uliopita, mwezi wa tisa, plau iligoma tena. Safari hii skrubu haikusaidia kitu. Walifunga mkono wa juu mpaka ukafika mwisho, plau ikainua mkia hewani, ikachoma kidogo, ikatoka, ikateleza. Mvua zilikuwa zimeshaanza na kila mwenye shamba alikuwa anatazama mbegu zake. Komite ilisema isipochimba kufikia mwisho wa wiki watamtafuta dereva mwingine, kwani labda tatizo ni mtu. Mume wangu alikuja nyumbani katikati ya wiki, jambo asilolifanya kamwe, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Maman, nakuomba kitu," akasema. Hatimaye ananiomba jambo! "Umushike Mwalimu mukono, mukuye naye kule Lwiro. Yeye peke yake haone tena njia, na miye natangulia na mutu wa soudure."

Unaweza kufikiri nililala vipi. Asubuhi nilivaa kitenge changu kipya cha sikukuu kwenda nacho shambani, kwa sababu kama ni lazima nimpeleke mke mwenzangu kwa mkono wangu mwenyewe, basi watu waone vizuri nani ni mke. Ndani ya basi dogo Maman Mwalimu alikaa ameshika mkono wangu njia nzima. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mkavu. Aliniuliza ziwa lina rangi gani leo. Nikamwambia ni la kijivu. Akauliza, kijivu cha majivu au cha bati? Nikatazama tena, nikasema cha bati. Akaguna kwa kuridhika, nami nikakasirika kwamba nimefurahi.

Shambani walikuwepo komite yote, mtu wa soudure na mashine yake ya kuchomelea vyuma, mhunzi wa kijiji, na dereva mmoja kutoka Minova, mwenye kofia ya ngozi, ambaye alikuwa amesikia habari za Maman Mwalimu akaja kuangalia. Maman Mwalimu aliomba moteur izimwe na plau ishushwe chini kabisa. Akavua viatu, akautembea mtaro wao mfupi. Kisha akauliza kama kuna kitu kipana kilichonyooka. Hakikuwepo, basi wakang'oa mlango wa stoo ya kooperative, wakaulaza chini, wakaikalisha plau juu yake.

"Nani ataniangalilia?" akauliza.

Mume wangu alisogea. Mtu wa soudure alisogea. Yule wa Minova alishakunja magoti.

"Hapana," akasema. "Mama Ushindi."

Nilidhani ananitania. Akaniambia nilale chini, shavu kwenye mlango, nichungulie pale kisu cha plau, kile chuma kinachokata udongo, kinapokutana na ubao. Na kitenge changu kipya! Nililala. Mbao zilinuka panya na mahindi.

"Unaona nini?"

"Naona chuma."

"Kila mutu anaona chuma. Mwangaza iko wapi?"

"Mwangaza gani?"

"Ile inapita chini ya kisu. Ncha inagusa ubao, kisigino inagusa, katikati mwangaza inapita. Kidole ya mutoto inaweza ingia. Unaiona?"

Nilitazama. Nilitaka kuiona, kwa kweli; nilitaka niseme ipo, yote yaishe, nisimame. Nyuma yangu niliwasikia wanaume wakivuta pumzi.

"Haiko," nikasema. "Hata kidogo. Kisu iko imelala yote, kama sahani."

"Uliona, ao unawaza?"

"Naona, Maman Mwalimu! Niko naona!"

Nilipiga kelele, komite ikacheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia mtu wa soudure, akamuuliza kisu kile alikitengeneza kwa chuma gani. Kwa lame ya gari kubwa, akasema, ile springi bapa ya chini ya gari, tena alikinyoosha vizuri, kiko droit, hakina kasoro. "Njo kasoro yake," akasema Maman Mwalimu, bila ubaya. Kisu kilichonyooka hivyo kinakaa juu ya ardhi, hakina hamu ya kuingia. Ncha inatakiwa itazame chini.

Wakakifungua. Mhunzi akakitia kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakipiga ncha, akakileta kwenye mlango. Nililala tena bila kuambiwa. Bado. Akakirudisha motoni. Nikalala tena. Kulikuwa na uzi wa mwangaza, mwembamba, nikamwambia uko, lakini kidole cha mtoto hakiingii. Akasema nimwambie mhunzi mimi mwenyewe. Nikamwambia mhunzi: ongeza kidogo pale mbele. Mwanamume mzima, mwenye mikono kama visiki, akanisikiliza akaongeza. Nikalala mara ya mwisho, nikaingiza kidole changu kidogo. Kikapita.

"Iko," nikasema.

Wakakifunga mahali pake, wakalegeza skrubu ya juu, mume wangu akapanda. Moteur ikawaka, Maman Mwalimu akaziba masikio. Trekta ikaondoka, plau ikainama kama mtu anayekunywa maji, ikaingia. Ilichimba mpaka mwisho wa shamba na haikutoka. Udongo ulipinduka mzito na mweusi, unang'aa, na wajumbe wa komite walikimbia kando yake kama watoto.

Mume wangu alizima moteur, akaruka chini, akaja mbio moja kwa moja kwa Maman Mwalimu, kama nilivyojua atakavyofanya. "Merci, Mwalimu! Merci sana!"

"Miye niliona nini?" akamjibu. "Miye sione hata kidole yangu. Ni bibi yako njo aliona. Iko bien, kabisa."

Mume wangu aligeuka akanitazama. Nilikuwa na udongo shavuni na kitenge kimeharibika. Alinitazama kwa ule uso aliokuwa akipanda nao mteremko Jumamosi zote, uso wa kuuliza, ambao nilikuwa nimeutaka tangu nilipokuwa bibi harusi. Akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Maman, unielezee. Uliona je? Ile mwangaza, inakuwa namna gani?"

Sikuwa ninamtazama. Nyuma ya bega lake nilikuwa ninamwona yule dereva wa Minova, mwenye kofia ya ngozi, ambaye alikuwa amemkaribia Maman Mwalimu akaushika mkono wake. Alikuwa anamweleza habari za plau yao huko, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa anamsikiliza, amemwegemea kabisa, na vile vidole vyekundu viko juu ya koti la yule mtu. Wivu ukanipanda, ule ule ninaoujua vizuri, na mume wangu hakuwemo ndani yake.

Nilimpita mume wangu, nikaenda mpaka pale.

"Papa, pardon," nikamwambia yule wa Minova, nikauchukua ule mkono. "Maman Mwalimu, twende. Gari inatungojea."

Alitega sikio kuelekea barabarani. Basi lilikuwa la jioni, na jua lilikuwa bado juu ya kichwa.

"Mama Ushindi, miye sisikie gari."

"Itakuya."

"Na ule papa hajamaliza kuniuliza."

"Atauliza siku ingine," nikasema. "Leo uko na miye."

Alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaniachia mkono wake. Tulikwenda tukakaa kando ya barabara, na nilikaa upande ule ambao yule mtu angeweza kutokea.